Mguu Uliopimwa Siku ya Nne: kisa cha damu kuganda baada ya upasuaji wa nyonga

Kisa hiki ni cha mama mmoja aliyetibiwa katika hospitali iliyomo kisiwani Mombasa. Umri wake kamili, mtaa wake na mengine ambayo yangemtambulisha nimeyaondoa au nimeyabadilisha, na yeye na bintiye wameridhia kiandikwe. Mimi ndiye daktari wa wadi niliyempokea, nikamruhusu kwenda nyumbani, kisha nikampokea tena. Baadhi ya makosa yatakayotajwa hapa ni yangu.

## Hali yake alipofika

Mama huyu, wa miaka sitini na kitu, aliteleza bafuni alfajiri akijitayarisha kwa sala. Shingo ya mfupa wa paja la kushoto ikavunjika. Kituo cha kwanza alichopelekwa kilimpiga eksirei na kumpa dawa ya maumivu, akalala hapo siku 2 jamaa wakitafuta fedha na nafasi ya upasuaji. Kwetu akangoja siku 3 zaidi: kwanza damu ya kuongezewa, kisha kipimo cha moyo, kisha zamu ya thieta. Jumla siku 5 kitandani bila kuinuka, na katika siku hizo zote hakuna aliyemwandikia dawa ya kuzuia damu isigande. Kule hawakuandika. Sisi tuliona kwenye faili "anasubiri upasuaji", tukachelea asije akavuja damu nyingi mezani.

Alikuwa na shinikizo la damu lililodhibitiwa kwa vidonge, mwili mzito, na mishipa ya miguu iliyojipinda na kutokeza chini ya ngozi tangu uzazi wake wa mwisho. Ukimpima kwa mizani ya Caprini, ambayo madaktari wa upasuaji huitumia kukadiria hatari ya damu kuganda, nyonga iliyovunjika peke yake inampa alama 5. Umri wake unaongeza 2, uzito 1, mishipa iliyojipinda 1. Hizo ni 9, na kuanzia 5 mgonjwa huhesabiwa kuwa katika hatari kubwa.

Alibadilishiwa kichwa cha mfupa kwa cha chuma, kwa ganzi ya uti wa mgongo. Upasuaji ulikwenda vizuri. Asubuhi iliyofuata alianza sindano ya enoksaparini, dawa ya kuzuia damu isigande, miligramu 40 kila siku chini ya ngozi ya tumbo, na siku ya 2 alisimama kwa kiunzi cha kutembelea, mtaalamu wa tiba ya viungo akimshika kiuno.

## Kwa nini tulikuwa tukimpima kila mtu

Miezi michache kabla yake, mgonjwa mwingine wa wadi yetu aliyefanyiwa upasuaji wa goti alianguka nyumbani akafa ghafla, siku chache baada ya kutoka kwetu. Kila dalili iliyosimuliwa na familia ilielekea kwenye donge la damu lililopanda mapafuni. Kifo kile kilitutikisa. Katika kikao cha wadi tulikubaliana kwamba kila aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga au goti asitoke kabla ya mishipa ya miguu yake kuangaliwa kwa ultrasaundi, hata kama halalamiki chochote. Mashine tulikuwa nayo, na fundi wa ultrasaundi mwenye mkono mzuri tulikuwa naye. Nia ilikuwa njema, na nilikuwa miongoni mwa walioisukuma kwa nguvu.

Kwa asiyejua kipimo hiki kinavyofanywa: fundi hupaka jeli, akaweka kifaa cha mkononi juu ya mshipa kwa upana, kisha akabonyeza. Vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ikiwa nzima na damu inatiririka hulala bapa mara moja, kuta zake mbili zikagusana, ilhali ateri iliyo kando yake, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, hubaki wazi ikidunda. Vena yenye donge ndani haibonyei. Kiini cha kipimo ni hicho. Rangi na sauti za mtiririko husaidia, lakini jibu hutolewa na kidole gumba cha fundi. Wengi huangalia sehemu mbili tu, kinena na uvungu wa goti, kwa sababu ni haraka na kwa sababu madonge ya huko juu ndiyo yanayotishia mapafu zaidi. Ukitaka kuona mguu mzima, hadi mishipa myembamba ya shavu la mguu, unahitaji muda mrefu zaidi na jicho lililozoea.

## Siku ya 4 na siku ya 5

Siku ya 4 baada ya upasuaji alipimwa sehemu hizo mbili, miguu yote. Vena zote zilibonyea. Ripoti ilikuwa na mstari mmoja: hakuna donge la damu katika miguu. Haikusema ni sehemu zipi zilizoangaliwa, wala kwamba shavu la mguu halikuguswa.

Kesho yake nilimwandikia ruhusa. Karatasi ya dawa ilisema enoksaparini iendelee hadi siku ya 35, jambo ambalo ndilo sahihi kwa upasuaji wa nyonga. Sista alimfundisha binti kuchoma sindano. Walipokuwa wakifunga mizigo, binti aliniuliza:

"Dakta, kile kipimo cha miguu kilitoka vipi?"

"Safi kabisa," nikamjibu. "Msiwe na wasiwasi."

Maneno hayo ninayakumbuka vizuri kuliko mengi niliyowahi kumwambia mgonjwa. Sikuongeza kwamba sindano haitegemei kipimo kile. Nilidhani karatasi imeshasema.

## Nyumbani

Yaliyotokea nyumbani tuliyapata baadaye, tukikaa na mama na bintiye pole pole.

Familia ilinunua sindano 7 kwa kuanzia. Zikachomwa 3. Siku ya 8, mjomba mmoja aliyekuja kumjulia hali aliichukua ile kasha, akasoma kijikaratasi cha ndani, akaona kwamba dawa hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Nyumba nzima ikanyamaza. Mama mwenyewe akasema, "Basi tangu juzi natiwa nguruwe mwilini na sina habari?" Mjomba alitaka waulize hospitali. Binti akakumbuka jibu langu: kipimo kilikuwa safi kabisa. Kama mguu ni safi, sindano ya nini tena? Juu ya hayo, bei ya zile 7 ilikuwa imewauma, na bado kulikuwa na zaidi ya 20 za kununuliwa. Wakaziacha. Sindano 4 zilizobaki walituletea zikiwa kwenye kasha lake, hazijaguswa.

Mapenzi ya nyumbani nayo yalifanya kazi yake. Mama huyu ana watoto na wajukuu wanaomstahi. Aliogeshwa kitandani, akalishwa kitandani, akaletewa beseni. Kiunzi kilisimamishwa nyuma ya mlango. Kwetu pwani mzee aliyepasuliwa hasumbuliwi, na anayemwambia ainuke atembee huonekana hana adabu.

Usiku wa siku ya 11 shavu la mguu wa kushoto lilianza kuuma. Jirani mwenye sifa ya ukandaji akaitwa, akamkanda kwa mafuta ya simsim ya moto asubuhi na jioni kwa siku 3. Siku ya 14 walimpeleka zahanati ya karibu kutolewa nyuzi. Muuguzi aliona mguu umevimba, akasema ni wa operesheni, utashuka. Lilikuwa jibu la kueleweka: mguu uliopasuliwa huvimba, na huo ndio uliokuwa umepasuliwa. Usiku wa siku ya 17 alibanwa kifua kwa dakika chache, kikaachia, hakumwamsha mtu.

## Siku ya 18

Alikuja kwa ajili ya miadi ya tiba ya viungo, na hakuna aliyekuwa akitafuta donge. Walivuka kwa feri asubuhi, yeye akiwa ndani ya gari. Mtaalamu wa tiba ya viungo, kijana mtulivu asiyependa kubishana, aliuona mguu akatoa utepe wa kupimia, kama ule wa mshonaji. Alipima sentimita 10 chini ya nundu ya mfupa wa muundi, kulia na kushoto. Kulia sentimita 36.5. Kushoto 41. Akaandika namba hizo mbili kwenye karatasi, akaja nazo wadini kwa miguu yake, akaniwekea mezani.

"Dakta, huu si uvimbe wa kidonda," akasema.

Nikamwendea mama. "Shikamoo mama. Mguu unakusumbua?"

"Marahaba mwanangu. Waniuma huku nyuma, wawaka. Na usiku kifua kilinibana."

Mapigo ya moyo 104 kwa dakika, oksijeni 95, shinikizo la damu zuri, hana homa. Mguu wote umejaa hadi pajani, ukiubonyeza kidole kinaacha shimo, na nyuma ya shavu ukigusa tu anavuta mguu. Kwa alama za Wells, zinazotumika kukadiria uwezekano wa donge mguuni: upasuaji mkubwa ndani ya wiki 12 alama 1, tofauti ya zaidi ya sentimita 3 alama 1, shimo la kidole 1, maumivu kwenye njia ya vena 1, mguu mzima kuvimba 1. Jumla 5. Hata ukitoa 2 kwa kuwa uvimbe wa upasuaji nao ni maelezo yanayowezekana, zinabaki 3, na kuanzia 2 donge huhesabiwa kuwa la kuelekea. Kipimo cha damu cha D-dima, kinachoonyesha mabaki ya damu iliyoganda, hatukukiomba. Baada ya upasuaji hupanda kwa kila mtu, kingetuambia kitu tulichokijua.

Ilikuwa saa nne asubuhi, na fundi wa ultrasaundi alikuwa anatazamiwa saa nane au saa tisa mchana. Mwongozo unaofuatwa Uingereza husema kipimo kisipoweza kupatikana ndani ya saa 4, tiba ianze kabla yake. Nasi tukaamua kuanza.

## Uamuzi wa dawa, na mazungumzo yaliyochelewa siku 13

Nilikuwa na kalamu mkononi kuandika enoksaparini kwa dozi ya tiba, miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku. Binti akanitazama na kunieleza habari ya kijikaratasi. Alieleza kwa woga, kama mtu anayeungama, ilhali mwenye deni la maelezo nilikuwa mimi.

Nilimwambia ukweli. Heparini karibu yote inayotumika duniani, na enoksaparini inayotokana nayo, asili yake ni utando wa utumbo wa nguruwe. Ni jambo la hakika na mgonjwa ana haki ya kulijua kabla ya kuchomwa. Nikamwambia pia kwamba zipo dawa zilizotengenezwa maabara bila mnyama: rivaroksabani ya vidonge ni mojawapo, na kwa donge lililokwisha kujitokeza ni tiba kamili tangu siku ya kwanza bila sindano kutangulia. Mama akauliza swali moja tu: "Hiyo haina?" Haina. "Basi nipe hiyo."

Damu ilichukuliwa kupima figo na wingi wa damu. Figo zilikuwa nzuri. Akameza miligramu 15 pamoja na mkate na chai, kwa kuwa dozi hiyo hufyonzwa vizuri ikiandamana na chakula. Ingekuwa figo mbovu, au mguu umegeuka rangi na kupoa, au shinikizo limeshuka, tungerudi kwenye heparini, na mazungumzo yangekuwa mengine: kanuni ya dharura, kwamba shida huhalalisha kilichokatazwa, inajulikana na Waislamu, ila huielezi kwa mara ya kwanza mtu akiwa anahema.

Fundi alifika saa nane na nusu. Safari hii alipita mguu mzima. Vena ya uvungu wa goti haikubonyea. Vena ya paja haikubonyea hadi katikati ya paja. Kinenani ilibonyea. Mishipa miwili ya shavu la mguu ilikuwa imejaa donge, imetanuka kuliko ateri zake.

Hapo ilikaribia kutokea ajali nyingine. Ripoti iliiita vena ya paja kwa jina lake la zamani la Kiingereza, ambalo lina neno lenye maana ya "juujuu". Daktari mwanafunzi wa zamu aliposoma, aliandika kwenye faili kwamba donge ni la mshipa wa juujuu, apewe dawa ya kupaka na arudi nyumbani. Vena hiyo ni ya ndani, ni njia kuu ya damu ya mguu. Jina lile limewahi kuwapoteza madaktari wengi, na ndiyo sababu wataalamu waliliacha. Fundi wetu alijifunza kwa waliofunzwa zamani, hakuwa na kosa la makusudi. Nililiona jioni nikipitia mafaili.

Kuhusu kifua, tulijadiliana kama apelekwe kupigwa picha ya CT ya mapafu. Fundi aliutazama moyo kwa mashine ile ile na upande wa kulia haukuwa umetanuka. Shinikizo halikuyumba. Tiba ya donge dogo la mapafuni kwa mgonjwa aliyetulia ni ile ile aliyokwisha kuanza, kwa hiyo tukaacha picha, tukamlaza wadini siku 3 tukimchunguza. Wenzangu wawili hawakukubaliana nami, na hoja yao kwamba picha ingempa mgonjwa jina kamili la ugonjwa wake siidharau.

## Matokeo

Alimeza miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha miligramu 20 mara moja kwa siku hadi miezi 3 itimie, muda unaotosha kwa donge lenye sababu ya kupita kama upasuaji. Hakutokwa na damu. Kifua hakikumbana tena. Kiunzi kilitolewa nyuma ya mlango, na mjukuu mmoja akapewa kazi ya kumtembeza bibi hadi mlango wa mbele na kurudi, mara tano kwa siku.

Mwisho wa mwezi wa 3 vena ya uvungu wa goti ilikuwa imefunguka nusu, ukuta wake mnene. Tofauti ya mashavu ya miguu ilikuwa sentimita 2. Jioni mguu humlemea na kuwasha. Hali hii ya kubaki na dalili mguuni huwapata baina ya asilimia 20 na 50 ya watu waliopata donge la vena kubwa za mguu, na mara nyingi haiondoki. Soksi za kubana tulimpa, akazivaa wiki moja. Katika joto la Mombasa na mama wa mwili wake sikuona haki ya kumshurutisha, hasa kwa vile utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014 haukuona kwamba soksi hizo huzuia tatizo lenyewe. Anazivaa akijisikia.

## Uchambuzi

Kipimo kilijibu swali la siku moja. Ultrasaundi ya siku ya 4 huenda ilikuwa sahihi kabisa kwa sehemu ilizozigusa. Katika mguu uliovimba na kuuma, kubonyeza vena hugundua madonge mengi sana ya goti na paja, zaidi ya asilimia 90. Katika mguu usio na dalili baada ya upasuaji uwezo huo hupungua, kwa kuwa madonge ni madogo, hayajajaza mshipa, na mengi yamo shavuni, pale ambapo hatukutazama. Donge la shavuni mara nyingi huyeyuka lenyewe. Baadhi ya madonge hayo hupanda juu. La mama huyu inawezekana lilikuwapo siku ya 4, likiwa bado dogo ndani ya mikunjo ya vali, na inawezekana pia lilianza siku ya 10. Kwa vyovyote, kipimo cha siku ya 4 hakikuweza kulizuia. Baada ya upasuaji wa nyonga, madonge mengi yenye dalili hujitokeza mgonjwa akiwa amekwisha kurudi kwake, wiki ya pili, ya tatu, hata ya nne. Tulikuwa tukilinda lango wakati mwizi huja baada ya askari kwenda zake.

Jambo hili halikuwa siri. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti wa Kanada uliowagawa kwa bahati nasibu wagonjwa zaidi ya 1,000 waliobadilishiwa nyonga au goti: nusu walipimwa kwa ultrasaundi kabla ya kutoka, nusu walifanyiwa kipimo cha kuigiza. Wote walikuwa wamepewa dawa ya kinga. Kupima hakukupunguza matatizo ya baadaye. Mwaka 2012 Chuo cha Madaktari wa Kifua cha Marekani kilishauri wazi kwamba wagonjwa wa upasuaji mkubwa wa mifupa wasipimwe hivyo kwa desturi kabla ya kuruhusiwa. Sisi tulianza utaratibu wetu kwa majonzi, bila kusoma. Nasema hivi kwa heshima ya yule aliyekufa: alistahili tujiulize kama alipewa kinga ya kutosha, na hatukujiuliza.

Kibaya zaidi, kipimo kilichukua nafasi ya kinga. Hili ndilo ninalotaka wenzangu walione. Tungekuwa hatukumpima kabisa siku ya 4, binti angekuwa na karatasi ya dawa peke yake mkononi, na mjomba alipoleta swali lake wangepiga simu. Neno "safi" liliwapa njia ya kuacha bila kujihisi wamekosea. Bila kinga yoyote, tafiti za zamani zilizopiga picha mishipa kwa dawa ya rangi zilikuta madonge, makubwa na madogo, kwa karibu nusu ya waliopasuliwa nyonga iliyovunjika. Mtu wa kundi hilo huwezi kumwambia asiwe na wasiwasi kwa sababu ya picha ya dakika tano.

Siku 5 za kabla ya upasuaji tumezipitia haraka mno katika vikao vyetu, pengine kwa sababu kila mtu anahusika. Rudolf Virchow, daktari Mjerumani wa karne ya 19, ndiye anayetajwa kwa mambo matatu yanayogandisha damu: kutuama kwake, jeraha la ukuta wa mshipa, na wepesi wa damu yenyewe kuganda. Mama huyu alikuwa nayo yote matatu tangu dakika ya kuanguka. Nyonga iliyovunjika ikisubiri, kinga huanza wakati wa kusubiri, na sindano ya mwisho hutolewa angalau saa 12 kabla ya ganzi ya uti wa mgongo. Woga wetu wa damu kuvuja ulikuwa na dawa yake, nayo ni saa ya ukutani.

Nguruwe. Tunafanya kazi katika mji ambao wagonjwa wengi ni Waislamu, na kwa miaka tumekuwa tukiwachoma enoksaparini bila kusema neno. Tulijiambia kwamba tukisema watakataa. Wakagundua wenyewe, na wakakataa wakiwa mbali nasi, bila mbadala. Angeulizwa kitandani siku ya 1, tungemtafutia njia nyingine. Rivaroksabani ya miligramu 10 imeidhinishwa kwa kinga baada ya kubadilishiwa nyonga kwa miadi, siku 35. Kwa nyonga iliyovunjika huandikwa kwa uamuzi wa daktari. Aspirini nayo sasa ina ushahidi: utafiti wa Marekani na Kanada wa mwaka 2023, wenye wagonjwa 12,211 waliovunjika mifupa, ulionyesha kwamba aspirini miligramu 81 mara mbili kwa siku haikuwa duni kuliko enoksaparini katika kuzuia vifo, ingawa madonge ya miguuni yalikuwa mengi kidogo, asilimia 2.51 dhidi ya 1.71. Wagonjwa wale kwa wastani walikuwa vijana kuliko mama huyu, kwa hiyo sisemi ingemtosha. Ila aspirini inayomezwa ni bora kuliko sindano iliyo kabatini, na bei yake haimfanyi mtu achague kati ya dawa na unga.

Kukandwa. Mkandaji hakufanya ubaya, alifanya alichofunzwa na waliomtangulia, na maumivu mengi ya mwili huyatuliza. Mguu mmoja uliovimba baada ya upasuaji ndio asioupasa kuugusa, kwa hofu ya kulisukuma donge. Hilo ni letu kumfikishia, kwani yeye huitwa kabla yetu.

Kilichofaa ni utepe wa kupimia. Muuguzi wa zahanati na mtaalamu wa tiba ya viungo waliuona mguu ule ule. Mmoja alitumia jicho, mwingine akatumia namba, akalinganisha na mguu wa pili. Kilichofaa pia ni kutosubiri saa nane mchana kuanza dawa, na kupima mguu mzima mara ya pili.

## Tulichobadilisha

Kipimo cha desturi kabla ya kutoka tumekiacha. Haikuwa rahisi: kwa baadhi yetu ilionekana kama kumsahau yule wa kwanza. Nafasi zile za ultrasaundi sasa tunaziwekea wenye dalili, na fundi amekubali kupigiwa simu mchana wowote. Ripoti inataja kila vena iliyobonyezwa kwa jina jipya, inataja ambazo hazikuonekana, na chini yake kuna mstari: "Kipimo hiki kinaeleza hali ya leo. Hakiondoi haja ya dawa ya kinga."

Asili ya sindano tunaieleza siku mgonjwa anapolazwa, kabla ya dozi ya kwanza, na jibu lake linaandikwa kwenye faili. Wengi, tukishawaeleza, huikubali. Wachache huomba vidonge. Mpaka sasa hakuna aliyekataa vyote viwili.

Shavu la kila mguu hupimwa kwa utepe siku ya kutoka, na namba mbili huandikwa juu ya karatasi ya ruhusa, ili yeyote atakayetoa nyuzi siku ya 14 awe na cha kulinganisha. Tulipeleka tepe katika zahanati chache tunazowarudishia wagonjwa, pamoja na namba ya simu ya wadi. Simu ya kwanza ilitoka kwa muuguzi yule yule aliyesema utashuka. Alikuwa na mzee wa siku ya 12 baada ya kubadilishiwa goti, kulia 39, kushoto 35. Aliuliza kama amwambie aje kesho. Tukamwambia aje sasa hivi.